Wimbo ni wa Anayeuitikia

Zongwe niliyokulia, mwenye msiba hakuanzisha wimbo. Alikaa mkekani, kichwa kimefungwa kitambaa, na kazi ya kuimba ilikuwa ya wengine: majirani, wakwe, watani, akina mama wa kanisani. Nkambo wangu, mama mzaa baba, alikuwa mmoja wa waimbishaji walioitwa kila kilipotokea kilio. Hakuwa na cheo. Hakulipwa fedha, alipewa chakula, na mara nyingine sabuni ya kufulia. Lakini alijua wimbo upi ni wa mtoto mchanga na upi ni wa mzee aliyeacha wajukuu, alijua saa ya kupandisha sauti na saa ya kuishusha, na kuliko yote alijua kuwasikiliza wanaoitikia. Kiitikio kikilegea, aliukata wimbo katikati akaleta mwingine. Kikishika, alikaa nacho, akakizungusha, mpaka yule mjane aliyeduwaa tangu asubuhi afungue kinywa na kulia.

Hapo ndipo akina mama waliposema kilio kimefika. Hakikufika jeneza lilipoletwa, wala wazee walipomaliza kutoa habari za ugonjwa. Kilifika mwenye msiba alipolia pamoja na watu. Aliyekwenda kulia peke yake nyuma ya nyumba alifuatwa, akashikwa mkono, akarudishwa mkekani.

Mimi ni mwanasosholojia. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi muziki unavyogusa hisia za watu na jinsi unavyowafanya waseme “sisi”. Nimeifanya kazi hiyo Lubumbashi na Kalemie, huku kwetu Kongo, katika kwaya, katika baa, katika kambi za waliokimbia vita, na kila nilipotaka kuamini kwamba hisia imo ndani ya wimbo wenyewe, mikeka ya Zongwe ilinikatalia. Nkambo aliimba wimbo uleule katika nyumba mbili, wiki moja, na katika moja watu walilia na katika nyingine hawakulia. Sauti haikuwa imebadilika. Waliobadilika ni walioitikia.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilinipa vitabu. Cha kwanza kunishika kilikuwa kile cha Émile Durkheim juu ya dini, kilichotoka Ufaransa mwaka 1912. Durkheim hakukanyaga Australia, lakini kwa kusoma taarifa za waliofika huko aliandika sura nzito juu ya maombolezo ya wenyeji wa bara lile. Hitimisho lake ni kwamba maombolezo hayabubujiki tu kutoka katika moyo wa mtu mmoja. Ni wajibu ambao jamii humtwika kila mtu wake. Nilipoisoma sura hiyo nilimwona nkambo amesimama kati ya akina mama. Miaka mitatu baada ya kitabu kutoka, André, mwana wa Durkheim, aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Baba naye alifariki mwaka 1917. Mara nyingi nimejiuliza ni nani aliyemwimbia huko Paris.

Neno wajibu, hata hivyo, lina hatari yake. Anayelisoma haraka anaweza kudhani watu wanajifanya, kwamba machozi ya kilioni ni ya kuonyesha. Aliyenisaidia kutoka hapo ni Mmarekani Arlie Hochschild, ambaye mwaka 1983 alichapisha uchunguzi wake juu ya wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba watu huzifanyia kazi hisia zao: yupo anayepaka tabasamu usoni tu, na yupo anayeusogeza moyo wake mwenyewe mpaka tabasamu liwe la kweli. Hochschild alihuzunishwa na namna kampuni zinavyoinunua kazi hiyo na kuiuza. Nkambo aliifanya kwa ajili ya jirani, bila mshahara, na wanawake wa Zongwe walimheshimu kwa hiyo kama wanavyomheshimu mkunga. Hisia iliyofanyiwa kazi si hisia ya uongo. Chakula hakiwi cha uongo kwa sababu kimepikwa.

Nilirudi Kalemie na maswali hayo wakati mbaya. Mwaka 2015 jimbo la Tanganyika lilikuwa limetengwa na Katanga ya zamani, na tayari tangu mwaka 2013 wanamgambo wa Kitwa na wa Kiluba walikuwa wakipigana. Kuanzia mwaka 2016 mapigano yalizidi. Nyunzu, Kabalo, Manono, Kalemie, vijiji viliungua. Watwa walikuwa wamechoka kulimishwa mashamba ya wengine kwa ujira duni, kukosa ardhi yao wenyewe na kudharauliwa mbele ya watoto wao; Waluba nao walikuwa na makaburi mapya ya kuhesabu. Mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Pembezoni mwa mji wa Kalemie zilimea kambi kama Katanika na Kalunga, vibanda vya nyasi na turubai vimebanana, mvua ikinyesha maji yanapita katikati.

Dodoso langu lilikuwa na swali lililoonekana jepesi: nyimbo zenu ni zipi? Majibu yalikuja yamenyooka. Mluba alitaja za Kiluba, Mtabwa za Kitabwa, Mholoholo za Kiholoholo, na karibu kila mmoja akaongeza kwamba wale wengine hawazijui, na hata wakizijua hawawezi kuziimba inavyotakiwa. Mchana, mbele ya mtu mwenye kalamu, kila wimbo ulikuwa na kabila lake, na kila kabila lilikuwa na ukuta. Mtafiti anayerudi hotelini saa kumi jioni angeandika hivyo, na ripoti yake ingesomeka vizuri sana.

Usiku niliuona ukuta ule ukifunguka. Katika kambi mojawapo alifariki mtoto wa mama mmoja wa Kiluba aliyekuwa amekimbia upande wa Nyunzu. Ngoma hazikuwapo, zilibaki vijijini au ziliungua. Kijana mmoja aligeuza dumu tupu la maji akalipiga kwa viganja. Waimbishaji walikuwa wachache na wamechoka, kwa kuwa wiki ile watoto kadhaa walikuwa wamekufa kwa surua na kuhara. Kati ya usiku wa manane na jogoo wa kwanza mwimbishaji akakaukiwa na sauti katikati ya wimbo wa Kiluba, wimbo wa kumsindikiza mtoto. Kukawa kimya. Kisha nyuma, gizani, pale wanaposimama wasio na uhakika kama wamekaribishwa, sauti ya mwanamke ikaudaka wimbo palepale ulipokatika. Alikuwa Mtwa. Watu waligeuka wakamtambua. Hakuna aliyeitikia.

Aliimba mstari wa kwanza peke yake, akaimba wa pili peke yake. Kila aliyewahi kuongoza wimbo anajua jinsi mistari miwili isiyoitikiwa ilivyo mirefu. Aliyeitikia kwanza ni mama wa mtoto. Hakuinua kichwa, aliitikia akitazama mkeka. Baada yake wakaingia dada zake, kisha akina mama wote, na yule kijana akarudisha viganja kwenye dumu. Mwanamke wa Kitwa aliongoza mpaka kulipopambazuka.

Sitaki msomaji adhani niliona muujiza wa amani. Asubuhi watu walirudi kwenye foleni zao za maji, na foleni zilikuwa mbili kama jana yake. Hakuna aliyetoa hotuba. Wiki chache baadaye habari za vijiji vilivyochomwa ziliendelea kufika. Lakini usiku ule swali la “sisi ni nani” lilijibiwa kwa namna tofauti na ilivyojibiwa mchana, na mwenye kulijibu hakuwa mwimbaji. Mama wa mtoto ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumpokea yule mwanamke au kumwacha na wimbo wake gizani. Alimpokea kwa kuitikia.

Nilimtafuta yule mwanamke. Nilimwuliza wimbo ule aliujulia wapi. Akanitazama kwa mshangao. “Nimewazikia watu hao tangu ningali mtoto, mama. Nitakosaje kujua nyimbo zao? Tulipiga ngoma, tukalia nao, tukachimba makaburi.” Akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo katika daftari langu limeandikwa peke yake kwenye ukurasa: “Wao kwetu hawakuja.”

Tunapenda kusema muziki hauna mipaka. Nimeisikia kauli hiyo kwenye semina nyingi za amani, na waliokuwa wakiisema walikuwa watu wema. Lakini wimbo ulikuwa umevuka mpaka kuelekea upande mmoja tu. Watwa walizijua nyimbo za Waluba kwa sababu waliitwa kuzifanyia kazi. Waluba hawakuzijua za Watwa kwa sababu hawakuona haja. Anayejua nyimbo za wote si lazima awe mtu wa wote. Mara nyingi ndiye mnyonge, aliyelazimika kujifunza.

Waliotutangulia katika uchunguzi wa mambo haya waliliona jambo jirani na hili, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alichapisha kijitabu juu ya ngoma ya kalela aliyoitazama Luanshya, katika eneo la migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Kati yao alikuwapo “daktari” na “muuguzi”. Mavazi yalikuwa ya Kizungu, lakini nyimbo zilisifu kwao na kuyatania makabila mengine, na makabila hayo yalikuwa yamesimama palepale yakicheka. Mitchell alitaka kujua kwa nini watu wanaojipamba kizungu waimbe kabila. Akaona kwamba kabila la mgodini si kabila la kijijini lililosafiri na masanduku. Ni njia ya wageni kujuana mjini, kujua huyu nimtanieje na yule nimheshimuje. Ubisa wa kalela ulihitaji watazamaji wasio Wabisa. Kule kijijini, ambako wote ni Wabisa, nani angemwimbia nani kwamba yeye ni Mbisa?

Beni ya pwani ilikuwa na historia ya namna hiyo, na Terence Ranger aliiandika katika kitabu cha mwaka 1975: ngoma ya gwaride iliyoanza katika miji ya Waswahili mwishoni mwa karne ya 19, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikashindana, vikasambaa bara pamoja na askari, wapagazi na makarani. Ilifika mpaka Kongo, na watawala wa Kibelgiji wakaiogopa. Katika hilo waliona sawa. Watu wanaojifunza kuitikiana wanaweza kujifunza mengi zaidi.

Kutoka kwetu Katanga kuna mfano ambao huwa siuachi darasani. Mwaka 1958, huko Kamina, padre wa Kifransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na kwaya ya wavulana na walimu wa shule, walitoa misa iliyoitwa Missa Luba: maneno ya Kilatini, sauti na ngoma za Kiluba na za Kasai. Sanctus yake ilitengenezwa kwa mfano wa wimbo wa Kiluba wa kuagana. Miaka 10 baadaye sauti hizo zilitokea Uingereza katika filamu ya Lindsay Anderson iitwayo if...., ambamo mwanafunzi wa shule ya bweni aliyechoshwa na viboko na vyeo anaicheza Sanctus ile kwenye santuri, tena na tena, na mtazamaji anaona uasi ukipanda kifuani mwake. Filamu ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Wimbo wa kuagana wa Kamina ukawa ibada kwa Wakatoliki, ukawa uasi kwa vijana wa Uingereza. Nota hazikubadilika. Kila mahali walikuwapo watu wengine wa kuitikia, wenye njaa yao wenyewe.

Ng'ambo ya ziwa ninamkumbuka Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mwaka 1947, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978. Aliimba Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu, akaimba shida za watu wa mtaani, kifo, umaskini. Karatasi za uraia ni jambo la serikali, lakini wakazi wa Dar es Salaam walikuwa na namna yao ya kumpokea: eneo alilokaa wakaliita Sinza kwa Remmy, na makondakta wa daladala wakalitangaza jina hilo kila siku, hata baada ya kifo chake mwaka 2010. Sijui cheti kinachompa mwanamuziki makazi kuliko hicho.

Mambo haya yote ni mazuri kuyasimulia. Lakini anayesema kuitikia hujenga watu hana ruhusa ya kunyamazia upande wa pili, maana maitikio yaleyale huua.

Simon Bikindi alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri wa Rwanda. Nyimbo zake alizotunga kabla ya mauaji ya kimbari zilipigwa tena na tena kwenye redio ya RTLM mwaka 1994. Alishtakiwa Arusha, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, na kwa muda mrefu majaji walilazimika kufanya kazi ambayo sisi wanasosholojia wa muziki hudhani ni yetu: kuuliza wimbo unasema nini, kwa nani, na nani aliuelewaje. Hukumu ilitolewa Desemba 2008. Majaji walikubali kwamba nyimbo zile zilitumika kuchochea chuki dhidi ya Watutsi. Lakini hawakuridhika kwamba ilithibitishwa alizitunga kwa nia ya kuchochea mashambulizi na mauaji, wala kwamba yeye ndiye aliyehusika kuzirusha redioni wakati wa mauaji. Kilichompeleka gerezani miaka 15 ni maneno aliyoyatamka barabarani mwezi Juni 1994, kwa kipaza sauti juu ya gari, akiwahimiza watu kuua.

Nimeisoma hukumu ile mara nyingi, na kuna rafiki zangu Wanyarwanda wanaoona majaji walikuwa wapole mno. Ninaelewa uchungu wao. Hata hivyo, kwa kazi yangu, majaji walishika jambo la msingi: hawakuishia kwenye maneno ya wimbo. Waliuliza nani aliupiga, lini, mbele ya nani, na waliousikia walikuwa wameshika nini mikononi. Wimbo uliosikilizwa arusini mwaka mmoja ulisikilizwa kwenye kizuizi cha barabarani mwaka mwingine, na wale waliosimama kwenye kizuizi hicho waliuitikia kwa mapanga. Tanganyika nako vijana hawakwenda kuchoma vijiji kimyakimya. Walikwenda wakiimba. Baadhi ya sauti nilizozisikia kwenye simu zao zilikuwa sauti za ngoma za kawaida za kijijini, na ndiyo sababu hazikuwatisha mama zao.

Kwa hiyo ninapokutana na mradi unaotaka kutunga “wimbo wa amani” kwa ajili ya jimbo letu, na miradi hiyo huja mara kwa mara, na fulana zake na jukwaa lake, moyo wangu hausisimki. Wimbo wa amani unaoimbwa jukwaani na kikundi kilicholipwa, mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya plastiki, hauna mwitikaji. Una watazamaji. Wakishapiga makofi wanarudi nyumbani wakiwa walewale. Fedha hizo zingefaa zaidi kununua unga na mafuta ya kupikia, ili watu wa kijiji kimoja waweze kulala kwenye kilio cha kijiji kingine bila kuwa mzigo.

Mabaraza ya amani kati ya Watwa na Wabantu (Waluba na majirani zao wengine), ambayo yamefanya kazi ya heshima katika mazingira magumu, huwaalika machifu, wachungaji, wakuu wa vijana, wawakilishi wa wanawake. Waimbishaji wa vilio sikuwaona wakialikwa. Hawana muhuri wala ofisi. Lakini wao ndio wanaojua ni nani alikuja kulala kwenye msiba wa nani, nani alikuja akasimama pembeni, na nani aliacha kuja tangu mwaka gani. Hiyo ni ramani ya mgogoro iliyo sahihi kuliko nyingi nilizowahi kuonyeshwa. Waalikwe, na walipwe nauli kama wajumbe wengine.

Kwa wanafunzi wa Kalemie wanaoanza utafiti nina ombi. Msianze kwa kuuliza watu kabila lao ni lipi na nyimbo zao ni zipi, mtapewa kuta. Ulizeni: mlipofiwa mara ya mwisho, nani alikuja kuwaimbia? Na ninyi mlikwenda kuimba kwa nani? Mkirekodi, rudisheni sauti kwa wenyewe. Nyimbo nyingi za Kongo zilizochukuliwa enzi za ukoloni zimelala kwenye hifadhi za Ubelgiji na Afrika Kusini, na wajukuu wa walioziimba hawajawahi kuzisikia.

Na kwa sisi Wabantu wa Tanganyika nina neno moja, mimi mwenyewe nikiwamo. Watwa wamezika watu wetu vizazi na vizazi, nasi tumeziita nyimbo hizo zetu. Wakifiwa, twende. Tukae mkekani kwao, tujifunze maneno, na wakianzisha wimbo, tuitikie.